Ramani za mawazo katika masomo ya tiba: Zana za bure za mtandaoni na namna ya kuzitumia

MWANAFUNZI anayesomea taaluma ya afya hukabiliwa na mzigo wa aina mbili. Wa kwanza ni wingi wa mambo anayotakiwa kuyakumbuka: majina ya mifupa na mishipa, dalili za maradhi, vipimo vya maabara na dawa zake. Wa pili, ambao ndio mzito zaidi, ni namna mambo hayo yanavyoshikana. Ugonjwa wa figo huweza kumpunguzia mtu damu. Dawa moja ya malaria huweza kupasua chembe za damu za mgonjwa huyu na isimdhuru jirani yake. Ujauzito hubadilisha hesabu za maabara hata kwa mama aliye mzima. Daftari lenye mistari iliyonyooka kutoka juu hadi chini halina nafasi nzuri ya kuonyesha mahusiano ya namna hiyo.

Ramani ya mawazo ni mojawapo ya mbinu zilizobuniwa kuukabili ugumu huo. Makala haya yanadhamiria kueleza ramani hiyo ni nini, ni zana zipi zinazopatikana bila malipo mtandaoni kwa ajili ya kuichora, na hasa ni vipi mwanafunzi wa udaktari, muuguzi au tabibu anavyoweza kuichora ikamfaa. Nasema ‘ikamfaa’ kwa makusudi. Nimeona ramani zilizopambwa kwa rangi zote za upinde wa mvua ambazo hazikumsaidia mchoraji wake hata chembe siku ya mtihani.

Asili ya mbinu

Ramani ya mawazo, ambayo wengine huiita ramani ya akili, huanza na jambo moja katikati ya ukurasa. Kutoka hapo huchipuka matawi makuu machache, na kila tawi nalo likatoa vitawi vyake, mithili ya mti unaotazamwa kutoka juu. Aliyeieneza zaidi ni Mwingereza Tony Buzan (1942-2019), ambaye mnamo 1974 aliitangaza kupitia kipindi cha televisheni cha shirika la BBC pamoja na kitabu chake, Use Your Head. Maagizo yake yalikuwa mepesi: anza katikati, toa matawi, andika neno moja juu ya kila tawi, tumia rangi na picha. Hata hivyo, wazo la kupanga maarifa kwa umbo la mti ni kongwe mno kumliko Buzan. Wasomi wa Ulaya wa enzi za kati walichora miti ya aina hiyo walipokuwa wakifafanua mantiki ya Aristotle.

Katika miaka hiyohiyo ya sabini, huko Marekani, Joseph Novak wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walibuni mchoro ulio jamaa ya huu, yaani ramani ya dhana. Tofauti baina ya michoro hii miwili yaweza kuonekana ndogo lakini ina uzito. Katika ramani ya Buzan, mstari huunganisha tu. Katika ramani ya Novak, mstari una mshale, na juu ya mshale huandikwa kitenzi: husababisha, huzuia, huashiria, huzidisha, hutibiwa kwa. Aidha, mstari unaruhusiwa kuvuka kutoka tawi moja hadi jingine.

Kwa masomo ya tiba, naona ramani ya pili ina faida kubwa zaidi, na ushauri wangu ni kuchanganya zote mbili: umbo la mti la Buzan na vitenzi vya Novak. Mstari mtupu kati ya ‘figo’ na ‘upungufu wa damu’ haumwambii msomaji lolote. Je, ni figo zinazoleta upungufu wa damu, au ni upungufu wa damu unaoziumiza figo? Kitenzi hulazimisha mchoraji ajibu swali hilo kabla mgonjwa hajafika mbele yake.

Zana na tabia zake

Zamani kidogo, mtu aliyetaka kuchora mchoro nadhifu kwa tarakilishi alihitaji kununua programu ghali. Leo hali ni tofauti. Zifuatazo ni chache ambazo zimezoeleka, nami nitazieleza kwa tabia zake badala ya kuzisifu.

Ya kwanza ni draw.io. Kwa muda, kuanzia 2020, ilijulikana zaidi kwa jina la diagrams.net, na majina yote mawili humfikisha mtu mahali pamoja. Haidai malipo wala haimlazimishi mtumiaji kujisajili. Mara tu kivinjari kinapoifungua, huuliza mchoro uhifadhiwe wapi: kwenye tarakilishi yenyewe, au katika ghala la mtandaoni kama Google Drive au OneDrive. Ukitaka kuandika, bofya mara mbili mahali palipo wazi. Ukisogeza kipanya juu ya umbo, mishale midogo hutokea pande zake nne; bofya mmojawapo na umbo jipya huzaliwa likiwa tayari limeunganishwa na mzazi wake. Bofya mara mbili juu ya mstari na utaweza kuandika kitenzi. Kwa sababu hiyo ya mwisho, hii ndiyo zana ninayoipendekeza kwa ramani za tiba. Ina pia toleo la kupakuliwa ambalo hufanya kazi bila intaneti, jambo ambalo mwanafunzi anayenunua data kwa vipimo vya shilingi ishirini ishirini hatalidharau.

Ya pili ni Excalidraw, iliyoanzishwa 2020. Michoro yake hufanana na ile iliyochorwa kwa mkono, na huo ni uzuri wake, kwani humwondolea mtu tamaa ya kupamba. Haihitaji usajili. Lakini kuna jambo la kutahadhari nalo: usipoihifadhi kazi yako kama faili, hubakia ndani ya kivinjari ulichotumia. Kwenye simu yako mwenyewe hilo si tatizo. Katika maabara ya tarakilishi ya chuo au katika saibakafe, maana yake ni kwamba kumbukumbu ya kivinjari ikifutwa usiku, kazi yako imekwenda nayo. Isipofutwa, mteja atakayeketi baada yako ataikuta wazi mbele yake.

Coggle ni nyepesi kwa anayeanza na hupanga matawi yenyewe. Hata hivyo, kwa asiyelipa, huruhusu michoro michache tu ya faragha, na inayozidi huwa wazi kwa umma. Wale wasio na intaneti ya kutegemewa wanaweza kupakua Freeplane, iliyochipuka kutokana na programu kongwe ya FreeMind. Sura yake haivutii, nakubali, lakini ni ya haraka ajabu: kitufe kimoja cha kibodi huongeza kitawi cha ndani, kingine huongeza kitawi cha kando, na mtu mwenye vidole vyepesi huweza kumfuata mhadhiri neno kwa neno bila ya kugusa kipanya. CmapTools, iliyotengenezwa na taasisi ya utafiti huko Florida, Marekani, ambako Novak mwenyewe alifanya kazi, iliundwa mahsusi kwa ramani zenye vitenzi.

Anayehitaji picha za viungo vya mwili asizikwapue ovyo mtandaoni. Servier Medical Art, hazina inayotolewa na kampuni ya dawa ya Servier ya Ufaransa, ina maelfu ya picha za tiba zinazoruhusiwa kutumiwa bure mradi mwenye kazi atajwe. Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani nazo zina hazina yao iitwayo BioArt. Mchoro wa moyo au figo uliochukuliwa huko huingizwa katika draw.io kwa kuukokota tu.

Mfano: Upungufu wa damu

Maelezo bila mfano ni kama dawa bila maji. Tuchukue upungufu wa damu, hali ambayo tabibu yeyote katika nchi yetu hukutana nayo karibu kila siku, kwa watoto na kwa kina mama wajawazito hasa.

Mwanafunzi mwingi huanza kwa kuorodhesha visababishi kadiri anavyovikumbuka: malaria, minyoo, lishe duni, selimundu, kuvuja damu, saratani. Orodha ya namna hiyo huishia kumi au kumi na miwili na haina mwisho unaojulikana. Ramani humtaka aulize swali tofauti: Je, damu yaweza kupungua kwa njia ngapi? Jibu ni tatu. Yaweza kupotea nje ya mishipa. Yaweza kuharibiwa kabla ya wakati wake. Au yaweza kuwa haitengenezwi ipasavyo. Hayo ndiyo matawi makuu matatu, na hakuna kisababishi kisichopata makao katika mojawapo.

Katika tawi la kupotea, weka vitawi viwili: ghafla na polepole. Ghafla ni ajali na kuvuja damu wakati wa kujifungua. Polepole ni vidonda vya tumbo, hedhi nyingi, na minyoo ya safura ambayo hujishika kwenye utumbo na kunyonya. Inafaa kukumbuka kwamba Waswahili walikuwa wamekwisha kuchora sehemu hii ya ramani katika lugha yao, kwani neno safura lenyewe hutaja minyoo na hapo hapo hali ya kupauka na kunyong’onyea inayoletwa nayo.

Katika tawi la kuharibiwa, ikumbukwe kwamba chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120. Kwa mwenye selimundu, ugonjwa ambao huku kwetu huonekana zaidi katika maeneo ya Ziwa Victoria na Pwani, chembe hizo huweza kuishi siku 10 hadi 20 pekee. Hapa pia huingia malaria, ambayo vimelea vyake hupasua chembe vinapotoka ndani yake, na upungufu wa kimeng’enya kiitwacho G6PD, ambao humfanya mtu adhuriwe na baadhi ya dawa kama vile primakwini.

Tawi la kutotengenezwa ndilo linalowatatiza wengi, nami hulieleza kwa mfano wa kiwanda. Kiwanda huweza kusimama kwa sababu tatu. Malighafi imekosekana: hapo andika madini ya chuma, folati na vitamini B12. Mitambo yenyewe imeharibika: hapo andika maradhi ya uboho, saratani ya damu, virusi vya Ukimwi, na dawa zinazodhoofisha uboho, mojawapo ikiwa zidovudini. Au amri ya kutengeneza haikutoka ofisini: hapo andika figo, kwa kuwa ndizo zinazotoa homoni ya erithropoietini inayouamuru uboho kufanya kazi.

Kufikia hapo mchoro unapendeza, na wengi huishia hapo. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu sasa ndipo huchorwa mistari inayovuka matawi, na humo ndimo tiba ilimo.

Toa mshale kutoka ‘safura’ kwenye tawi la kwanza hadi ‘madini ya chuma’ kwenye tawi la tatu, uandike juu yake humaliza akiba ya. Mshale huo mmoja unaeleza kwa nini mtoto aliyepewa dawa ya minyoo peke yake, bila ya chuma, huendelea kupauka. Toa mwingine kutoka ‘malaria’ hadi ‘uboho’, uandike hudhoofisha. Huo nao unaeleza kwa nini upungufu wa damu wa malaria huwa mkubwa kuliko idadi ya chembe zilizopasuliwa na vimelea, na kwa nini huweza kuendelea hata baada ya vimelea kuisha. Kutoka ‘selimundu’ toa mshale hadi ‘folati’: uboho unaofanya kazi usiku na mchana kufidia chembe zinazokufa mapema huitumia folati kwa kasi, ndiyo maana wagonjwa hao hupewa vidonge vyake. Na mwenye selimundu akiambukizwa virusi vya parvo B19, uboho husimama kwa siku kadhaa. Kwa mtu mwenye chembe za siku 120 hilo hupita bila kutambuliwa, lakini kwa mwenye chembe za siku 15 ni hatari ya kufa. Hilo halionekani katika orodha yoyote. Katika ramani huonekana mara moja, kwa sababu mishale miwili imekutana mahali pamoja.

Hata kikombe cha chai kina nafasi yake. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia ufyonzwaji wa chuma kinachotokana na mboga na nafaka, na vyakula vyenye vitamini C huusaidia. Mshale mmoja wa huzuia, mmoja wa husaidia, na muuguzi amepata la kumwambia mama kliniki.

Mwisho, weka kipimo mahali kinapogawa njia. Hesabu ya chembe changa nyekundu, ziitwazo retikulositi, huwa juu pale damu inapopotea au kuharibiwa na uboho ukajitahidi kufidia, na huwa chini pale uboho wenyewe unaposhindwa. Kipimo hicho basi hakifai kuwa kitawi kimojawapo pembeni. Kikae karibu na katikati, kama askari wa trafiki kwenye makutano ya barabara.

Utafiti unasema nini?

Itakuwa si haki kumwacha msomaji akiamini kwamba ramani hizi ni muujiza. Mnamo 2002 jarida la Medical Education lilichapisha utafiti wa Farrand na wenzake uliowahusisha wanafunzi 50 wa udaktari jijini London. Baada ya juma moja, waliotumia ramani za mawazo walikumbuka zaidi ya wenzao waliotumia njia walizozizoea, tofauti ikiwa takriban asilimia 10. Lakini hamasa yao kwa mbinu hiyo ilikuwa ndogo kuliko ya wenzao. Mnamo 2010, D’Antoni na wenzake waliwachunguza wanafunzi 131 wa mwaka wa kwanza nchini Marekani, wala hawakuona tofauti ya maana baina ya waliochora ramani na walioandika maandishi ya kawaida.

Utafiti unaoeleza vyema zaidi mgongano huo, kwa maoni yangu, haukuhusu tiba. Mnamo 2011, Karpicke na Blunt wa Chuo Kikuu cha Purdue walionyesha katika jarida la Science kwamba wanafunzi waliosoma kisha wakafunga kitabu na kujaribu kukumbuka waliwashinda waliochora ramani za dhana huku kitabu kikiwa wazi. Miaka mitatu baadaye, wataalamu hao hao walirudi na jaribio jingine: safari hii ramani zilichorwa bila kutazama kitabu. Tofauti ikatoweka, waliochora kwa kukumbuka walifanya vizuri sawa na walioandika kwa kukumbuka. Kwa hivyo si umbo la mchoro linalojenga kumbukumbu. Ni jasho la kukitafuta kitu kichwani.

Hilo nililishuhudia nyumbani kwangu. Mpwa wangu, ambaye alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha mafunzo ya afya, alitutembelea wakati wa likizo akiwa na huzuni kwa sababu alitakiwa kurudia mtihani wa magonjwa ya damu. Alinionyesha ramani aliyoichora mtandaoni, na kwa kweli ilikuwa safi. Mimi niliyezeeka nikipanga kurasa za gazeti najua mpangilio mzuri nikiuona. Nikamwambia aifunge tarakilishi, achukue nyuma ya karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, na aichore tena.

“Mjomba, yote?” aliuliza.

“Yale utakayokumbuka tu, mwanangu.”

Alitoa matawi manne, mawili yakiwa kitu kimoja kwa majina tofauti, kisha akaweka kalamu chini. Alikaa kimya kwa muda. “Nilikuwa nikinakili,” alisema. “Nilitumia siku tatu kuchagua rangi.” Tangu siku hiyo aliugeuza utaratibu wake: kwanza kalamu na karatasi, kitabu kikiwa kimefungwa, kisha kitabu hufunguliwa na makosa hurekebishwa kwa wino mwekundu, ndipo mchoro huhamishiwa kwenye draw.io, na mishale yote iliyokuwa imekosekana ama kukosewa huchorwa kwa mstari mnene. Baada ya juma, hurudia kwa karatasi tupu. Mistari minene iliyobaki minene ndiyo aliyoisoma usiku wa kuamkia mtihani. Alipita, ingawa hakupata alama za juu kama alivyotaka.

Siku hizi pia kuna programu za akili unde ambazo hutema ramani nzima kwa kupewa neno moja tu. Mbali na kwamba huweza kuingiza makosa ya tiba kwa ufasaha mkubwa, zina kasoro ileile ya kunakili: jasho limetoka kwa mashine. Anayetaka kuzitumia azitumie mwishoni, kulinganisha ramani yake na ya mashine, na kila tofauti aihakiki kitabuni.

Wanafunzi wanaosoma kwa makundi wana bahati zaidi. Shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mnamo 1990, ilijulikana kwa kufundisha kupitia visa vya wagonjwa vinavyojadiliwa katika vikundi vidogo. Mjadala wa namna hiyo huchoreka vizuri. Excalidraw huruhusu watu kadhaa kuchora kwenye ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa kwake. Inafaa kila mwanakikundi achore yake peke yake kwanza, ndipo mlete pamoja; vinginevyo mmoja atachora na wengine watatazama.

Mambo ya kutahadhari

La kwanza ni siri ya mgonjwa. Mwanafunzi aliye wodini hushawishika kuchora ramani ya kisa alichokiona mchana huo na kuwatumia wenzake kiungo chake. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti. Kuondoa jina hakutoshi. Nambari ya faili, tarehe ya kulazwa, au jina la kijiji likiambatanishwa na ugonjwa adimu huweza kumtambulisha mtu kwa jirani zake wote. Chora ugonjwa, usimchore mgonjwa.

La pili ni uzee wa ramani. Tiba hubadilika na mchoro hubakia vilevile. Fikiria malaria nchini Kenya: aliyechora ramani mnamo 1997 aliandika klorokwini kuwa dawa ya kwanza, kuanzia 1998 ingekuwa SP, na kuanzia 2006 dawa ya mseto ya artemetha na lumefantrini. Kwa malaria kali, sindano ya atesuneti ilichukua nafasi ya kwinini. Hata viwango vya damu havikusimama. Mnamo 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mpya, ambapo kiwango cha himoglobini ambacho mtoto wa miezi 6 hadi 23 akiwa chini yake huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu kilishushwa kutoka gramu 11 hadi 10.5 kwa desilita, na vivyo hivyo kwa mama mjamzito katika miezi mitatu ya kati. Ramani niliyoieleza hapo juu ingekuwa na makosa mawili kama ingechorwa 2023 na kuachwa ilivyo. Kwa hivyo andika pembeni tarehe mbili, ya kuchorwa na ya kuhakikiwa mara ya mwisho, pamoja na jina la mwongozo uliotumiwa. Vipimo vya dawa afadhali visiwekwe kabisa. Mahali pake ni katika mwongozo rasmi, na muuguzi aliyechoka saa tisa za usiku hapaswi kuvisoma kutoka kwenye mchoro wa mwanafunzi.

La tatu ni rangi. Baadhi ya watu, wanaume hasa, hawawezi kutofautisha nyekundu na kijani, na mashine nyingi za kuchapisha mitaani hutoa nyeusi na nyeupe tu. Mshale wa ‘huzuia’ uwe na umbo lake, si rangi yake pekee.

La nne ni uhai wa zana zenyewe. Kitu cha bure huweza kufungwa na mwenyewe wakati wowote. Google walikuwa na ubao wao wa kuchorea uitwao Jamboard, uliotumiwa na walimu wengi wakati wa janga la Covid-19. Huduma hiyo ilifikia kikomo Desemba 31, 2024. Kila ramani basi ihifadhiwe mara mbili nje ya mtandao: faili yake halisi inayoweza kuhaririwa, na nakala ya PDF ya kusomwa au kuchapishwa. Katika draw.io, mtu anapohifadhi mchoro kama picha ya PNG, kuna kisanduku kidogo cha kuteua kinachouliza iwapo mchoro wenyewe uambatanishwe ndani ya picha. Kikiteuliwa, picha hiyo hiyo unayoitazama kwenye simu huweza kufunguliwa tena katika draw.io na kurekebishwa, mradi imetumwa kama faili, kwa kuwa programu za ujumbe hubana picha za kawaida na kuyatupa yaliyofichwa ndani yake.